Kasaji: mashini inayokwenda na kurudi, na namba zinazopaswa kubaki karakanani

Mashini ya kushona, ile ya kukanyaga kwa mguu, inafanya jambo ambalo viwanda vya shaba vinalilipia pesa nyingi: inageuza mwendo wa kuzunguka kuwa mwendo wa kwenda na kurudi. Mguu unakanyaga, gurudumu linazunguka upande mmoja tu, na sindano inashuka na kupanda. Mshonaji hahitaji kuiambia sindano ishuke milimita ngapi. Chuma kilikwisha kuamua hilo siku mashini ilipoundwa. Sindano haiwezi kupita hapo hata kama mshonaji amelala.

Mashini zinazofanya kazi leo katika viwanda vya Kolwezi haziko hivyo tena. Nyingi kati yake zinakwenda na kurudi kwa sababu mota yenyewe inazunguka mbele, inasimama, kisha inazunguka nyuma, na urefu wa safari yake umeandikwa kwa namba ndani ya kisanduku cha umeme. Kisanduku hicho ni kiendeshi cha sevo. Mafundi waliosoma kwa Kifaransa wanakifahamu zaidi kwa jina la variateur. Namba hizo zikiwa sahihi, kazi inakwenda vizuri na haraka. Zikiwa na kosa, meza ya mashini inagonga ukuta wake. Zikipotea, mashini inakuwa chuma cha kutazama.

Kwa Kasaji, jambo hili si la mbali. Mji huu wa teritware ya Dilolo uko zaidi ya kilomita 200 magharibi ya Kolwezi, juu ya reli ya Tenke hadi Dilolo iliyounganishwa na reli ya Benguela mwaka 1931. Ni njia hiyo hiyo ambayo leo inaitwa ukanda wa Lobito. Mwezi wa Desemba 2023, shehena ya kwanza ya majaribio ya makinikia ya shaba kutoka Kamoa-Kakula ilipita njia hiyo kutoka Kolwezi hadi bandari ya Lobito, Angola. Shaba inapita Kasaji, lakini ujuzi wa mashini zinazoitengeneza haushuki kwenye kituo. Na karakana ya Kasaji ikinunua mashini ya mitumba yenye sevo, ya kukata mbao kwa vipimo au ya kubana tofali, haiwezi kumwita mtaalamu asubuhi akafika mchana. Wakati wa mvua, barabara peke yake inaweza kula siku kadhaa.

Kwa hiyo swali si tu namna ya kuipanga mashini ya aina hii. Swali ni nani anabaki na mpango wake.

Kwa nini isitumike gurudumu na mkono wa chuma

Kabla ya kuingia kwenye namba, inafaa kusema ukweli mmoja ambao wauzaji hawapendi kuusema. Kama mashini inakwenda na kurudi urefu ule ule, kwa mwendo ule ule, kila siku, haihitaji sevo. Chekecheo la unga wa muhogo linaweza kutikiswa na mota ya kawaida yenye mkono wa chuma uliofungwa pembeni ya gurudumu. Mkono huo ukivunjika, mchomelea vyuma yeyote anautengeneza. Kununua sevo kwa ajili ya chekecheo ni kununua ndege ya kwenda sokoni.

Sevo inastahili bei yake pale safari inapobadilika. Leo mbao inakatwa kwa sentimita 30, kesho kwa sentimita 42. Leo meza inasimama nusu sekunde upande wa kushoto na sekunde 2 upande wa kulia. Kwa mkono wa chuma, kila badiliko ni siku ya kulegeza bolti. Kwa sevo ni namba mbili.

Katika viwanda vya shaba sababu ni hiyo hiyo, ila kwa ukubwa. Kule Luilu, kiwanda kilichoanza mwaka 1960 wakati wa Union Minière, na katika viwanda vipya vinavyotoa shaba kwa umeme, shaba huota juu ya mabamba yaliyotumbukizwa ndani ya maji ya asidi. Pale ambapo mabamba hayo ni ya inoksi, shaba ikishanenepa lazima ibanduliwe. Mashini inashika bamba, inalipinda kidogo, kisu kinaingia kati ya shaba na inoksi, kinarudi, na bamba lingine linakuja. Kisu kikienda mbele zaidi kwa milimita chache, kinakwaruza inoksi, na bamba lililokwaruzwa linashika shaba vibaya siku zijazo. Kikiishia nyuma, shaba haibanduki.

Neno sevo lenyewe ni la zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Mhandisi Mfaransa Joseph Farcot alitoa jina servo-moteur katika miaka ya 1860 na 1870, kwa ajili ya injini za mvuke zilizosaidia kugeuza usukani wa meli. Mota mtumwa: bwana anageuza kidogo, mtumwa anafuata kwa nguvu kubwa na hapotezi alama. Mpaka leo kazi ni hiyo. Kiendeshi kinatoa amri, mota inazunguka, na kifaa kidogo nyuma ya mota, kinachoitwa codeur katika vitabu vya Kifaransa, kinasoma imefika wapi na kurudisha habari. Kikiona tofauti kinasahihisha, maelfu ya mara kwa sekunde.

Waya tatu ambazo hazibadilishwi

Hapa ndipo mafundi umeme wazuri wa Kolwezi na Likasi wanaponaswa, na si kwa sababu ya uvivu. Wananaswa kwa sababu ya ujuzi wao.

Kila fundi anajua: mota ya kawaida ya fazi tatu ikizunguka upande usiotakiwa, unabadilisha waya mbili kati ya tatu, na inageuka. Jambo hilo limefanyika kwenye pampu na mikanda ya migodi tangu zamani. Kwenye mota ya sevo, kufanya hivyo ni kosa kubwa. Kiendeshi kinategemea kwamba kile ambacho kisoma-mzunguko kinaona kinalingana na fazi zinazolishwa. Ukigeuza waya mbili, kiendeshi kinasukuma mbele na kuona mota inakwenda nyuma. Kinaongeza nguvu ili kusahihisha, na kadiri kinavyosahihisha ndivyo kosa linavyokua. Ukiwa na bahati, mota inatikisika na alamu inawaka. Usipokuwa na bahati, mota inakimbia kwa nguvu zote mpaka igonge kitu.

Upande wa mzunguko unabadilishwa ndani ya kiendeshi, kwa parameta moja. U, V na W zinabaki mahali pake. Fundi akilielewa hili moja tu, amekwisha kuokoa mashini nyingi.

Waya za kisoma-mzunguko nazo zina sharti lake. Hazipiti kwenye bomba moja na waya za nguvu za mota, na ganda lao la chuma linafungwa kwenye udongo, yaani kwenye ardhi ya umeme. Mashini isiyo na ardhi nzuri inaleta makosa ya ajabu: inapoteza alama mara moja kwa siku, saa yoyote, bila sababu inayoonekana. Watu wanabadilisha mota, wanabadilisha kiendeshi, na tatizo lilikuwa waya wa ardhi uliofungwa juu ya rangi.

Kutoka milimita hadi namba

Tuchukue meza inayosukumwa na skrubu ya goroli. Skrubu ikizunguka mara moja, meza inakwenda milimita 10. Safari inayotakiwa ni milimita 300, kwa hiyo mota itazunguka mara 30 kwenda na mara 30 kurudi.

Kisoma-mzunguko cha biti 17 kinagawa mzunguko mmoja katika hatua 131,072. Hakuna anayetaka kuandika safari yake kwa hesabu hiyo. Kwa hiyo kuna gia ya namba ndani ya kiendeshi: fundi anaandika 131,072 juu na 10,000 chini, na kuanzia hapo mzunguko mmoja unahesabiwa kama vipande 10,000. Kwa kuwa mzunguko mmoja ni milimita 10, kipande kimoja ni elfu moja ya milimita. Safari ya milimita 300 inakuwa 300,000. Mtu akiisoma anaielewa bila kalamu.

Namba hii ya gia inaandikwa kabla ya nyingine zote. Anayeibadilisha baadaye anabadilisha maana ya kila kipimo kilichokwisha kuandikwa, na mashini iliyokuwa ikisimama kwenye milimita 300 inaweza kutaka kwenda milimita 600 ambazo hazipo.

Kisha kuna mwendo. Tuseme meza inatakiwa kufika milimita 300 kwa sekunde, sawa na mizunguko 1,800 kwa dakika. Inapewa sehemu 2 za kumi za sekunde kuongeza mwendo na muda huo huo kupunguza. Katika kuongeza inatumia milimita 30, katika kupunguza milimita 30, na milimita 240 zinazobaki inazipita kwa mwendo kamili katika sehemu 8 za kumi za sekunde. Safari moja ni sekunde 1.2. Ukiongeza kusimama sehemu 3 za kumi kila upande, kwenda na kurudi ni sekunde 3 kamili, yaani mara 20 kwa dakika, mara 1,200 kwa saa.

Mwenye karakana atataka zaidi, na kishawishi cha kwanza ni kupandisha mwendo. Lakini katika safari fupi, mwendo wa juu hausaidii sana, kwa sababu meza inatumia sehemu kubwa ya njia kuongeza na kupunguza. Mara nyingi muda unapatikana katika kusimama. Kama mfanyakazi anahitaji sehemu 2 tu za kumi kuondoa kipande, kupunguza kusimama kila upande kunaokoa muda bila kuichosha skrubu hata kidogo. Wanaopanga mashini kwa haraka hawaangalii hapo.

Kuta tatu

Sindano ya mashini ya kushona ina ukuta mmoja, nao ni chuma chake chenyewe. Meza ya sevo haina ukuta mpaka mtu aujenge, na kwa mashini inayokwenda na kurudi siku nzima zinatakiwa kuta tatu, moja nyuma ya nyingine.

Ya kwanza ni ya namba: kiendeshi kinaambiwa kisikubali amri yoyote chini ya 0 au juu ya 305,000, kwa mfano. Ya pili ni swichi za mwisho wa njia, moja kila upande, ambazo meza ikizigusa kiendeshi kinasimamisha mota. Ya tatu ni kizuizi cha mpira au chuma, kwa siku ambayo mbili za kwanza zimeshindwa.

Swichi hizo zifungwe kwa njia ya kuvunja mzunguko wa umeme, si kuufunga. Maana yake, wakati wa kazi ya kawaida umeme unapita ndani ya swichi, na meza ikigusa unakatika. Hivyo panya akila waya, mashini inasimama yenyewe na fundi anajua kuna tatizo. Ukifunga kinyume, panya anakula waya, mashini inaendelea kama kawaida, na siku meza itakapopita mpaka hakuna kitakachoiambia isimame. Kuna mafundi wanaofunga kipande cha waya badala ya swichi iliyoharibika ili kazi iendelee mpaka jioni. Jioni hiyo huwa inakuwa mwezi.

Ukali wa jambo unaonekana katika hesabu ya nguvu. Mota ya sevo ya wati 750 ina uzito wa kilo chache tu, mtu anaibeba kwa mkono mmoja. Kwa skrubu ya milimita 10, mota hiyo katika nguvu yake ya kawaida inasukuma meza kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 135 hivi. Kwa sekunde chache inaweza kutoa mara 3 ya hiyo, karibu kilo 400. Na sevo haina huruma ya mkanda wa mpira unaoteleza. Kidole kikiwa njiani, kisoma-mzunguko kinasema meza imechelewa, na kiendeshi kinajibu kwa kuongeza nguvu. Ndiyo kazi yake.

Kwa sababu hiyo kuna parameta mbili ambazo haziachwi kama zilivyotoka kiwandani. Moja ni mpaka wa nguvu: mota inayohitaji asilimia 40 kufanya kazi haina sababu ya kuruhusiwa 300. Nyingine ni mpaka wa kuchelewa, yaani tofauti kati ya mahali meza inapotakiwa kuwa na mahali ilipo. Ukiweka mpaka mdogo, kwa mfano milimita chache, kiendeshi kinatoa alamu na kuacha kusukuma mara meza inapokwama. Mpaka wa kiwandani mara nyingi ni mkubwa mno, kwa sababu mtengenezaji hataki alamu zisumbue wateja. Hata hivyo hakuna parameta inayochukua nafasi ya mlango wa kinga na kitufe chekundu cha kusimamisha, ambacho kinapaswa kukata nguvu ya mota moja kwa moja bila kupitia programu.

Meza ikiwa imesimama wima, inapanda na kushuka badala ya kwenda na kurudi, kuna jambo moja zaidi: mota iwe na breki ndani yake. Umeme ukikatika, meza isiyo na breki inaanguka.

Umeme wa Lualaba

Nje kidogo ya Kolwezi kuna kituo ambacho laini ya Inga inafikia, baada ya kusafiri kilomita 1,700 kutoka mto Kongo. Laini hiyo, iliyoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980, inasafirisha umeme usiobadilika upande, na kituo cha Kolwezi kinaugeuza kuwa umeme wa kawaida wa kwenda na kurudi. Kiendeshi cha sevo kinafanya kitu cha ukoo huo ndani ya sanduku la ukubwa wa kitabu. Kinapokea umeme wa volti 220, kinaunyoosha kuwa kama volti 310 zisizobadilika, kinazihifadhi ndani ya kapasita, kisha kinazikata vipande vipande kuunda fazi tatu zinazokwenda kwa mota.

Kapasita hizo ndizo sababu ya onyo lililoandikwa kwenye kila kiendeshi na ambalo wengi hawalisomi: baada ya kuzima, subiri dakika kadhaa kabla ya kugusa. Umeme umekatwa ukutani, lakini ndani volti 310 bado zipo.

Kapasita hizo pia zinaeleza tabia nyingine ya mashini za kwenda na kurudi. Kila meza inapofunga breki, mota inageuka dinamo na kurudisha nguvu ndani ya kiendeshi. Meza nyepesi haileti shida. Lakini meza ya kilo 800 inayokwenda mita 1 kwa sekunde inabeba juli 400, na ikisimama mara 40 kwa dakika inarudisha kama wati 267, kabla ya kutoa kinachopotea njiani. Ni zaidi ya taa nne za zamani za wati 60, na joto hilo lazima liende mahali. Linakwenda kwenye rezista ya breki. Rezista ikiwa ndogo au haikufungwa, volti za ndani zinapanda na kiendeshi kinazima kwa alamu, kila mara pale pale, mwisho wa safari. Anayeona alamu ya volti nyingi anaweza kulaumu SNEL bure.

Upande mwingine, volti zikishuka, SNEL au grupu ya mazutu inaweza kweli kuwa sababu. Grupu ndogo inayolisha mashini ya kuchomelea na sevo kwa pamoja itashusha volti kila fundi anapogusa chuma. Njia ya bei rahisi kuliko zote ni kupunguza ukali wa kuongeza mwendo. Mota inayochukua nusu sekunde kufika mwendo wake inaomba umeme kwa upole kuliko inayochukua sehemu moja ya kumi. Kazi inapungua kidogo, mashini inaacha kuzima.

Kisha kuna kurekebisha wepesi wa kujibu, sehemu ambayo wataalamu wanapenda kuifanya ionekane uchawi. Viendeshi vya sasa vina njia ya kujipima vyenyewe: vinatikisa meza kidogo, vinakisia uzito wake, na kuchagua namba. Njia hiyo inatosha kwa karakana nyingi. Ishara ya kuvuka mpaka ni ya masikio: mota ikianza kuimba au kulia kama nyuki meza ikiwa imesimama, namba ni kali mno, irudishwe chini mpaka inyamaze. Skrubu iliyolegea haitengenezwi kwa parameta, ingawa wengi hujaribu.

Nani anaondoka na faili

Baada ya yote haya, mashini inakwenda na kurudi mara 1,200 kwa saa. Mtaalamu anafunga kompyuta yake. Hapo ndipo jambo la maana zaidi linapofanyika au linaposahauliwa.

Namba zote zimo ndani ya kiendeshi. Radi ikipiga laini na kiendeshi kikiungua, kipya cha aina ile ile kinaweza kununuliwa, lakini kinakuja na namba za kiwandani. Hakijui gia, hakijui safari, hakijui mpaka. Kama faili ya namba imekwenda na kompyuta ya mtaalamu, mwenye mashini analipia safari yake tena, chumba chake tena, na siku zote ambazo mashini imesimama. Mahali pengine kuna neno la siri juu yake pia, na mwenye mashini hawezi hata kusoma alichokilipia.

Kongo ina sheria inayogusa jambo hili kwa mbali. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya kazi za ukandarasi mdogo inazihifadhi kazi hizo kwa makampuni yenye mtaji ulio mikononi mwa Wakongomani kwa sehemu kubwa. Matengenezo ya mashini za migodi ni moja ya milango ambayo vijana wa Lualaba wangeweza kuipitia. Lakini sheria inaangalia nani anamiliki kampuni, haiangalii nani anamiliki namba. Kampuni inaweza kuwa ya Mkongomani kwenye karatasi na bado kusubiri faili itumwe kutoka nchi nyingine kila kiendeshi kinapoharibika. Hilo linarekebishwa kwenye mkataba wa ununuzi, kwa mistari michache: faili ya parameta, mchoro wa waya na maneno ya siri vinakabidhiwa siku ya kupokea mashini, na malipo ya mwisho hayatoki kabla ya hapo. Anayeomba baada ya kulipa ameshachelewa.

Kwa kujifunza, vifaa si vingi kama watu wanavyodhani. Kiendeshi kimoja cha mitumba, mota yake, kompyuta na waya wake vinatosha mezani, bila skrubu na bila kitu cha kugonga. INPP, taasisi ya serikali ya kufundisha kazi iliyoundwa mwaka 1964, ni mahali pa kawaida pa kudai somo kama hili, na kijana wa Kasaji mwenye cheti cha umeme cha shule ya sekondari ana msingi wa kutosha kulifuata. Kinachokosekana mara nyingi ni kitabu cha kiendeshi katika lugha anayoisoma. Vingi vinakuja kwa Kiingereza au Kichina, vya Kifaransa vinatafutwa, na kwa Kiswahili havipo.

Karakana ndogo inaweza kufanya kitu leo, bila kungoja mtu. Namba si nyingi. Za kiendeshi kizima ni mamia, lakini zilizobadilishwa kutoka zile za kiwandani kwa mashini ya kwenda na kurudi kwa kawaida ni kumi na kitu hadi thelathini: aina ya mota, gia, upande wa mzunguko, namna ya kutafuta sifuri, mipaka miwili, vituo viwili, mwendo, muda wa kuongeza na kupunguza, muda wa kusimama, rezista, mpaka wa nguvu, mpaka wa kuchelewa, wepesi wa kujibu. Zinaenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Nakala moja inabandikwa ndani ya mlango wa kabati la umeme ikiwa imefunikwa plastiki, nyingine inakaa nyumbani kwa mwenye mashini, na picha ya simu inakuwa ya tatu. Tarehe iandikwe, kwa sababu ukurasa wa mwaka juzi wenye gia ya zamani ni hatari kuliko kukosa ukurasa.

Katika ukurasa huo huo iandikwe tarehe ya betri. Visoma-mzunguko vingi vinavyokumbuka nafasi hata umeme ukikatika vinakumbuka kwa nguvu ya betri ndogo, kubwa kidogo kuliko kidole gumba. Mahali ambapo umeme unakatika kila siku, betri hiyo inafanya kazi zaidi na inakufa mapema. Ikifa wakati umeme umekatika, mashini ikiwashwa haijui tena iko wapi, na lazima sifuri itafutwe upya. Kiendeshi huwa kinatoa onyo siku kadhaa kabla. Betri inabadilishwa wakati kiendeshi kimewashwa na mota imezuiwa kuzunguka. Kama umeme haupo, ingojewe mpaka urudi ndipo ya zamani ichomolewe.